Bajeti ya usharika: ahadi au kilichoingia?

Mchungaji, unauliza bajeti ya mwaka ipangwe kwa ahadi za waumini au kwa fedha iliyoingia kweli. Panga kwa kilichoingia. Ahadi za kwenye bahasha ziache pembeni, hizo ni matumaini tu. Nimekuwa mhazini wa usharika wa Kilutheri kijijini miaka 6. Mwaka wangu wa kwanza ahadi zilisoma milioni 18, tukakusanya 11 na kidogo, mwinjilisti akakaa miezi miwili bila posho.

Chukua daftari la mapato la miaka mitatu iliyopita, ulisome mwezi kwa mwezi. Kwetu Februari na Machi ni njaa, kapu linarudi na sarafu. Julai mahindi yakishavunwa, magunia na kuku (mara nyingine hata mbuzi) vinapigwa mnada nje ya kanisa na fedha inaonekana. Kwa hiyo ukarabati wa paa usiupangie Machi.

Mgao wa dayosisi (sehemu ya mapato ambayo usharika hupeleka dayosisini) utenge kwanza, kabla hujagusa posho wala ukarabati. Na sadaka ya jengo usiihesabu kwenye matumizi ya kawaida, hata mfuko ukikauka.

Kiwango cha mgao kinatofautiana dayosisi hadi dayosisi, hicho waulize wazee wa kanisa wenyewe.