Jukwaa linalotunza msimbo wako likinunuliwa, angalia haya kabla hujahama

Tarehe 4 Juni 2018 Microsoft ilitangaza kwamba inainunua GitHub, jukwaa la mtandaoni ambako watengeneza programu hutunza msimbo (code) wao, kwa hisa zenye thamani ya dola bilioni 7.5. Waliokuwa kwenye kazi hii wakati ule wanazikumbuka siku zile. Huko Twitter watu walikuwa wanaaga mmoja baada ya mwingine, GitLab, jukwaa shindani, ikatangaza kwamba repo (ghala za msimbo, moja kwa kila mradi) zinazoingia kwake zimefika mara kumi ya zile za siku ya kawaida, na kwenye kundi letu la WhatsApp, ambalo kazi yake ni kupeana nafasi za ajira na kulalamikia bei za bando, mjadala ulienda mpaka usiku wa manane. Baadhi walitaka kuhama usiku uleule. Wengine waliona ni kelele tu, zitapita.

Naandika kwa sababu swali lile la kuhama au kubaki linarudi kila zana tunayoitegemea inapobadilisha mmiliki, na vijana wanaoanza kazi huniuliza wafanye nini. Jibu langu halijabadilika: usihame kwa hasira, wala usibaki kwa uvivu. Kaa pale kazi yako inapokwenda vizuri, ila uwe na uwezo wa kuondoka siku yoyote utakayotaka. Uwezo huo hauji wenyewe. Unautengeneza mapema, wakati hakuna anayekufukuza.

Kwanza niwatendee haki waliokasirika, maana hofu yao haikutoka hewani. Mwaka 2001 Steve Ballmer, akiwa ndiye mkuu wa Microsoft, aliiita Linux, mfumo endeshi huria, saratani. Watu wa programu huria, zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa wote, hawakusahau neno lile. Satya Nadella alipochukua uongozi wa Microsoft mwaka 2014 na kusema kampuni yake inaipenda Linux, wengi walinyamaza wasubiri matendo. Na kulikuwa na mifano ya karibu zaidi. SourceForge, ambako miradi mingi iliishi kabla ya GitHub kutamba, mwaka 2015 ilikutwa imepachika programu za matangazo kwenye kisakinishi cha Windows cha GIMP, programu huria ya kuhariri picha, bila ridhaa ya wenye GIMP. Google Code, jukwaa la Google la kazi hiyohiyo, lilifungwa Januari 2016. CodePlex, jukwaa la Microsoft yenyewe, lilizimwa Desemba 2017, miezi sita kabla ya ununuzi huu. Mtu aliyeyaona yote hayo huwezi kumwambia ana wasiwasi wa bure.

Yaliyofuata hayakwenda kama tulivyobashiri, kwa wema na kwa ubaya. Ununuzi ulikamilika Oktoba 2018, Nat Friedman akawa mkurugenzi mkuu, na Januari 2019 akaunti za bure zikaruhusiwa kuwa na repo za faragha bila kikomo, kila moja ikiwa na washirika hadi watatu. Aprili 2020 hata kikomo hicho cha washirika kikaondolewa. Kabla ya hapo repo za faragha zililipiwa dola 7 kwa mwezi, na kwa mtu wa San Francisco pengine hazikuwa kitu. Kwetu Dar es Salaam shida haikuishia kwenye hizo dola 7, ilikuwa pia kupata kadi inayokubalika mtandaoni, na wanafunzi wengi niliowafahamu hawakuwa nayo. Ndiyo maana kazi nyingi za wateja tulikuwa tunaziweka Bitbucket, jukwaa jingine, ambako faragha ilikuwa bure kwa timu ya watu wasiozidi watano. Kwa hiyo mtu akiniambia ununuzi ule haukuleta jema lolote, namkatalia.

Sasa ubaya. Julai 2019 watu waliokuwa Iran, Syria na Crimea walijikuta wamefungiwa repo zao za faragha kwa sababu ya vikwazo vya Marekani. Hili liliniuma kuliko yote, kwa sababu wale walikuwa watengeneza programu kama mimi, na kosa lao lilikuwa mahali walipo. Wengine walielekeza lawama kwa Microsoft, lakini GitHub ilikuwa kampuni ya Marekani tangu ilipoanza mwaka 2008, na sheria za nchi ile zingeifikia hata kama isingeuzwa. Kisha Juni 2021 ikaja Copilot, akili mnemba iliyofunzwa kwa msimbo wa repo za wazi, na mwaka uliofuata ikaanza kuuzwa dola 10 kwa mwezi. Mwezi huohuo wa Juni 2022 Software Freedom Conservancy, shirika linalotetea programu huria, likawataka watu waiache GitHub, na Novemba kesi kuhusu Copilot ikafunguliwa California. Desemba 2022 Atom, kihariri cha kuandikia msimbo cha GitHub yenyewe, kikafikishwa mwisho. Waliokuwa wamesema mwaka 2018 kwamba Atom haitaishi nyumba moja na VS Code, kihariri cha Microsoft, waliona sawasawa.

Nimeyapanga haya ili uone kitu kimoja. Kumtazama mmiliki mpya usoni na kuamua kama unampenda hakukusaidii sana. Swali lenye faida ni hili: nikitaka kuondoka kesho, nini kitabaki nyuma?

Msimbo wenyewe haubaki. Git, programu ya kutunza historia ya msimbo ambayo GitHub imejengwa juu yake, ilizaliwa kutokana na mgogoro wa namna hii hii. Aprili 2005 Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, aliiandika baada ya mwenye BitKeeper, programu ya kazi hiyohiyo, kuwanyima watengeneza Linux leseni ya kuitumia bure, na akaijenga kwa namna ambayo kila nakala unayoivuta kwenye kompyuta yako inabeba historia yote ya mradi. Ukiandika `git clone --mirror`, kisha ukaisukuma nakala hiyo kwenye anwani mpya kwa `git push --mirror`, matawi na lebo zote zinakwenda pamoja.

Ofisi ndogo niliyokuwa nafanya kazi wakati ule iliamua kuhamisha mradi mmoja, mfumo wa stoo wa muuza dawa wa jumla pale Kariakoo. Hata kwa intaneti ya simu, msimbo ulifika upande wa pili kabla chai haijapoa. Kazi ilikuwa kwenye vitu vinavyouzunguka.

Tiketi, yaani kumbukumbu za matatizo na maombi ya mradi zinazokaa kwenye jukwaa, zilikuwa na mijadala ya muda mrefu: kwa nini dawa inayokaribia kuisha muda itoke kwanza hata kama iliingia stoo mwisho, nani aruhusiwe kufuta risiti, kwa nini kipimo kimoja kinaitwa boksi dirisha hili na katoni dirisha lile. Maamuzi yale hayakuandikwa mahali pengine popote. Zilipoingizwa kwenye jukwaa jipya, maoni yote yalibeba jina la mwenzetu aliyefanya uhamisho, kwa kuwa wengine walikuwa hawajafungua akaunti huko. Chini ya kila maoni kulikuwa na kamstari kadogo kanakomtaja mwandishi halisi, ila kwa kuangalia juujuu ungeona mtu mmoja anauliza, anajibu, anajipinga, kisha anakubaliana na nafsi yake. Kwa hiyo kama unahama na wenzako, wote wafungue akaunti upande wa pili kwanza, ndipo uingize tiketi.

Tulitafuta pia kila mahali palipotaja anwani ya zamani. Ilikuwa kwenye maelekezo ya kusakinisha, kwenye skripti za majaribio, na kwenye PDF aliyokuwa nayo mhasibu wa mteja. Iliyotushtua ni seva ya mteja, iliyokuwa inavuta msimbo kila usiku kwa ufunguo wake maalumu. Seva ile tungeiacha ingeendelea kuvuta kutoka repo ya zamani bila kulalamika, kwa sababu repo ya zamani bado ipo. Hakuna taa nyekundu, hakuna ujumbe wa kosa, marekebisho tu hayaonekani dukani. Ukishahama, ifunge repo ya zamani isomwe tu, uweke maelezo juu kabisa kwamba mradi umehamia wapi, kisha zipitie seva zako moja moja na kuzibadilishia anwani.

Mengine ni ya kufanya hata kama huna mpango wa kuhama. Nakala kamili ya repo ikae kwenye diski yako au kwenye jukwaa la pili, na ijisasishe yenyewe. Tiketi na maombi ya kuunganisha (pull requests) yavutwe kupitia API, mlango wa programu kuzungumza na jukwaa, yahifadhiwe kama faili za maandishi za JSON, kwa sababu Git haivibebi. Weka leseni kwenye msimbo wako wa wazi, ukijua kwamba kuhama jukwaa hakumzuii mtu kuukusanya. Huduma ulizoingia kwa kubonyeza kitufe cha GitHub zipe barua pepe na neno la siri la kwake, maana akaunti moja ikifungwa unapoteza milango yote. Kazi ya mteja iwe chini ya akaunti ya taasisi yenye wenye mamlaka wawili au zaidi. Nimeona mradi mzima ukisimama kwa sababu kijana aliyeufungua kwa jina lake alipata kazi nje ya nchi na hapatikani tena kwa simu.

Kuna watakaokwambia weka seva yako mwenyewe. Forgejo, programu huria ya kujiwekea jukwaa kama GitHub, inaendeshwa hata na kompyuta ndogo, na naiheshimu sana kazi ya Codeberg, jumuiya isiyo ya faida ya Ujerumani inayotoa huduma hiyo kwa miradi huria. Lakini seva ya ofisini kwako inataka umeme usiokatika, diski ya akiba, na mtu wa kuisasisha kila mara. Kama mtu huyo ni mmoja na neno la siri liko kichwani mwake, mradi wako uko hatarini kuliko ulivyokuwa mikononi mwa Microsoft.

Wanaoanza nawashauri wabaki GitHub. Waajiri wanaangalia huko, na miradi mikubwa ya kuchangia iko huko. Ila mara moja moja chukua kompyuta isiyo na chochote cha mradi, usiingie kwenye akaunti yako, ujaribu kuuwasha mradi kutoka kwenye nakala zako pekee. Utakapokwama, andika kilichokosekana, ukiongeze kwenye nakala siku hiyohiyo.