Chumba kimoja, siku ile ile

Mmeuliza wiki hii: mji wenye shida ya maji na umeme una haki ya kutoa fedha za umma kwa nyimbo, maigizo na ushonaji, ili watu wapate nguvu ya moyo? Najibu ndiyo. Naishi Lubumbashi, mji wa migodi huku Kongo, na sisi kitu hicho tulikuwa nacho.

Mama yangu alijifunza kushona kwenye fwaye, nyumba ya jamii ya kambi ya Gécamines, kampuni ya madini ya serikali. Fwaye hizo zilianza enzi za Union Minière, kampuni ya Wabelgiji iliyoitangulia. Mama husema kitambaa kilikuwa sababu tu ya kutoka nyumbani. Aliyefiwa na mtoto alikuja akakaa na sindano yake, hakuna aliyemuuliza neno, na siku moja akaanza kusimulia mwenyewe.

Sitaki turudishe kila kitu cha zamani. Kampuni ya kikoloni ilitaka mke mtulivu ili mume asikose kazini, na waliopanga mafunzo walikuwa wakubwa wa kampuni. Napenda zaidi njia ya kundi la maigizo la Mufwankolo, lililoigiza kwa Kiswahili cha hapa kwetu. Wachezaji hawakukariri maandishi: walikubaliana kisa, kisha kila mmoja akajitafutia maneno. Hivyo tabu ya mtu wa Katuba, komini moja ya mji wetu, ilisemwa kwa lugha anayoisema sokoni, naye akaweza kuicheka na jirani yake.

Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka Gécamines katika mpango ulioitwa kuondoka kwa hiari. Watu huhesabu mishahara iliyokatika. Mimi nahesabu pia wazee waliobaki wamekaa barazani, bila mahali pa kwenda saa tisa alasiri. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti iliyotokana na tafiti zaidi ya 3,000, ikionyesha kwamba sanaa husaidia kukinga maradhi na kuwategemeza wagonjwa. Wazee wale hawahitaji ripoti. Wanahitaji wenzao na kazi ya mikono.

Lakini isiwe kwa miradi ya kupita. Mtaani kwetu ulikuja mmoja wa kuchora: rangi nzuri, fulana, wageni wakipiga picha. Miezi mitatu ukaisha. Jumatano iliyofuata watoto walikuja kama kawaida, wakakuta kufuli, na wiki nyingine wakaja tena. Kumfungulia mtoto mlango na kuufunga bila kumwambia neno ni ukatili, hata kama aliyefanya hivyo alikuja na nia njema.

Komini, yaani serikali ya mtaa, inajua kutuita salongo, kazi ya pamoja ya usafi, kila Jumamosi, tukaja na majembe na mafagio. Ijue pia kutuita kuimba na kushona. Itoe chumba kimoja, siku ile ile, saa ile ile, mwaka mzima, na imlipe mtu mmoja wa mtaa ashike ufunguo. Atakachoimba au kuigiza mtu humo kisipitiwe kwanza na ofisi.

Cherehani ya mama bado inashona. Yuko tayari kufundisha siku mbili kwa juma. Anachokosa ni chumba.