Kukaza, kubana na kuvuta bolti

Swali: Ninatafsiri mwongozo wa matengenezo ya pampu na mabomba. Kila chombo cha kufungia bolti nimekiita "spana", na palipotajwa kiasi cha kukazia nimeandika "kaza kwa nguvu ya nyutoni 120 kwa mita". Mhandisi aliyeupitia amenirudishia, akisema fundi akiufuata ataharibu kazi. Nimekosea wapi, na vyombo hivi niviteje ili fundi ajue achukue kipi?

Jibu: Mhandisi ana haki. Tuanze na hicho kijineno "kwa". Katika vipimo, Kiswahili hukitumia kuonyesha kugawanya: kilomita 80 kwa saa, lita 5 kwa dakika. Kwa hiyo "nyutoni 120 kwa mita" ni nyutoni 120 katika kila mita moja, kipimo kinachofaa mzigo uliotandazwa juu ya boriti. Mwongozo ulikusudia kuzidisha: nyutoni mara mita. Andika *nyutoni-mita 120*, kwa kistari. Ukivuta kwa nyutoni 240 kwenye mpini wa nusu mita unapata nyutoni-mita 120. Mpini ukiwa wa mita moja, nyutoni 120 zinatosha. Hapo unaona pia kwa nini "nguvu" haitoshi. Mkono uleule, ukichomeka bomba kwenye mpini ili uwe mrefu zaidi, unakata bolti. Kinachopimwa ni nguvu mara urefu wa mkono wa spana, na hicho kiite *torki*.

Baada ya hapo, acha "kwa" itaje chombo na "hadi" itaje kipimo: kaza *kwa* spana ya torki *hadi* nyutoni-mita 120.

Kuhusu majina, usianze na vyombo. Anza na vitenzi, maana Kiswahili kinavyo vitatu ambavyo mwongozo wako umevichanganya. Nati *hukazwa*, yaani huzungushwa. Bolti *huvutwa*, yaani hurefuka kidogo kama springi ngumu. Flanji (ukingo bapa wa kuunganishia mabomba) na gasketi (kizuia uvujaji kilicho kati ya flanji mbili) *hubanwa*, na kubana ndiyo shabaha ya kazi yote. Anayekaza nati anatarajia bolti ivutike, nayo ikivutika ibane. Lakini njiani msuguano hula sehemu kubwa sana: kwa kawaida karibu nusu ya torki huishia chini ya kichwa au nati, kama asilimia 40 kwenye meno, na takriban asilimia 10 tu ndiyo huvuta bolti.

Tazama bolti ya milimita 16. Meno yakiwa makavu, nyutoni-mita 192 huivuta kwa nyutoni 60,000 hivi. Yapake mafuta yanayoshusha kizidishio cha msuguano (namba inayoonyesha msuguano unakula torki kiasi gani) kutoka 0.20 hadi 0.15, ukaze hadi torki ileile, na bolti itavutwa kwa nyutoni 80,000: theluthi moja zaidi, ingawa spana imesoma namba ileile. Kwa hiyo maneno "meno makavu" au "meno yaliyopakwa mafuta" usiyaache hata kama yanaonekana madogo. Ni sehemu ya kipimo.

Sasa vyombo. *Spana* peke yake ibaki kwa ile ya kawaida, ya mdomo, ya ringi au ya boksi, ambayo haipimi chochote. *Spana ya torki* ni ile inayotegwa kipimo, kisha hulia "ti!" kinapofikiwa. Hapa kitenzi nacho kina kazi: andika "*ikilia, acha kuvuta*". Ukiandika "vuta mpaka ilie vizuri", fundi ataivuta mara ya pili na ya tatu kwa uhakika, na kila mvuto unaongeza torki. Usiandike popote kwamba spana hiyo inalegeza nati zilizoshika; kazi hiyo huharibu kipimo chake. Ya kutegwa kwa springi irudishwe kwenye namba yake ya chini kabisa baada ya kazi, isizungushwe kupita hapo.

Ile mashine ya upepo au umeme inayotikisika na kupiga kelele inapofungua nati za magurudumu hupiga nyundo ndani kwa ndani, kwa hiyo *spana ya mapigo* ni jina linaloieleza. Ni ya kuteremsha nati haraka na kufungua. Torki yake hubadilika kwa shinikizo la upepo, urefu wa soketi (kikombe kinachovishwa nati) na muda wa kubonyeza kitufe, hivyo usiiandikie kipimo cha mwisho.

Pale mkono usipotosha, kuna *kizidishi cha torki*, sanduku la gia linalowekwa kati ya spana na soketi. Kikiwa cha moja kwa tano, unaingiza nyutoni-mita 200 na kutoa karibu 1,000, pungufu kidogo kwa sababu gia nazo zina msuguano. *Spana ya haidroliki* hufanya kazi hiyo kwa pampu, mara nyingi hadi bar 700 (bar ni kipimo cha shinikizo). Vyote viwili vina mkono unaoegemea kitu kigumu ili chombo chenyewe kisizunguke. Uite *mkono wa egemeo*, na onyo lake liwe wazi: "usiweke vidole kati ya mkono wa egemeo na kinachoegemewa". Ukiandika "kuwa mwangalifu" hujamwambia fundi kitu.

Chombo cha mwisho usikiite spana kabisa, maana hakikazi. *Kivuta bolti* hushika meno yaliyochomoza juu ya nati, huivuta bolti moja kwa moja kwa haidroliki, nati huteremshwa kwa mkono mpaka ikalie, ndipo shinikizo huachiliwa. Msuguano wa meno hauna athari kubwa hapa. Kinahitaji meno yachomoze juu ya nati angalau sawa na kipenyo cha bolti, na kwa kuwa sehemu ya mvuto hupotea shinikizo linapoachiliwa, huvuta kupita lengo kidogo. Kipimo chake hutolewa kwa bar au nyutoni. Ukikuta nyutoni-mita karibu na jina hili, kuna kosa mahali.

Aya yako ya flanji, basi, iwe hivi: "Paka mafuta meno ya bolti na uso wa nati. Kaza nati zote kwa mkono. Kwa spana ya torki, kaza kwa kuvuka, nati moja kisha inayoikabili, hadi nyutoni-mita 36, kisha 72, kisha 120. Mwisho pitia nati zote kwa kuzunguka flanji, hadi nyutoni-mita 120, mpaka pasiwe na nati inayosogea."