Kikombe Kimoja cha Unga Kina Gramu Ngapi?

SWALI: Mhariri, mwezi uliopita nilinunua mizani ya jikoni nikaamua kuacha kupima kwa vikombe. Keki ninayoipika huhitaji vikombe viwili na nusu vya unga wa ngano na kikombe kimoja cha sukari. Kwa kuwa kikombe changu cha kupimia kimeandikwa mililita 250, nilipima gramu 625 za unga na gramu 250 za sukari. Keki ilitoka ngumu, hata watoto waliikataa. Nilikosea wapi? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Ulichukulia kwamba mililita na gramu ni kitu kimoja, jambo ambalo ni kweli kwa maji, na kwa maziwa tofauti yake ni ndogo, lakini si kweli kwa unga. Mililita hupima nafasi ambayo kitu kimejaza, ilhali gramu hupima uzito wake, na nafasi kubwa ndani ya kikombe cha unga imejaa hewa iliyo baina ya chembe. Unga wa ngano uliochekechwa, ukitiwa taratibu kwa kijiko hadi kujaza kikombe chako, huwa na gramu 125 hivi. Keki yako ilihitaji gramu 312 au 313. Wewe uliweka maradufu. Sukari ilizidi kwa gramu 50 tu, kwani kikombe chake ni gramu 200 hivi, na peke yake isingeiharibu keki kiasi hicho. Mafuta ya kupikia ni mepesi kuliko maji, takriban gramu 230 kwa kikombe, na asali ni nzito, takriban gramu 350.

Hata hivyo, usiziamini sana tarakimu za unga, zangu zikiwamo. Ukichota kwa kuzamisha kikombe mfukoni kisha ukakigongagonga mezani, unga hushindiliwa na kikombe kilekile kinaweza kupita gramu 150. Isitoshe, kikombe cha mapishi ya Marekani ni mililita 237 hivi, na kikombe cha chai cha nyumbani hakina kipimo maalumu. Bibi zetu waliopima kwa kibaba hawakusumbuka na hayo, kwa sababu chombo kilikuwa kilekile kila siku na mkono uleule ndio uliochota. Lakini kibaba cha mchele na kibaba cha unga havikuwahi kuwa na uzito mmoja.

Ninakushauri ujitengenezee jedwali lako. Weka bakuli tupu juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri, kisha jaza kikombe cha unga kwa namna unayoizoea, sawazisha juu kwa mgongo wa kisu, mimina bakulini na uandike uzito. Rudia mara tatu, jumlisha, ugawe kwa tatu. Fanya hivyo pia kwa sukari na kwa unga wa mchele, ikiwa hupika vitumbua.

Hamira, chumvi na iliki endelea kupima kwa kijiko cha chai, ambacho ni mililita 5. Kijiko kimoja cha hamira ya chembechembe ni gramu 3 hivi, na mizani nyingi za jikoni, zinazohesabu gramu moja moja, hukosea kwa urahisi katika uzito mdogo namna hiyo.