Muulize Ticha: jikoni na karakanani

Mwezi huu barua nyingi ni za walimu wa lile somo la ubunifu, teknolojia na mapishi, nimechukua nne.

Shikamoo Ticha. Ndo nimeanza kufundisha, nina watoto 36 na kipindi ni dakika 40, yani kengele inalia sosi ya maziwa bado iko motoni, masufuria machafu, na mwenye kipindi kinachofuata kashasimama mlangoni kanuna. Halafu sosi yenyewe karibu kila meza ilikuwa na mabonge. Nakosea wapi? – Mwalimu Mgeni

Marahaba mwanangu, pole sana. Hapo shida ni ya saa, mapishi hayana kosa. Hesabu kuanzia mwisho kuja mwanzo: toa dakika 10 za kuosha na kufuta meza, toa 5 za kunawa na kuvaa aproni, toa 5 za kuonja na kuandika maana wakishatoka hawaandiki tena, umebakiwa na 20. Kwa dakika 20 sosi inaiva vizuri tu ila sio kama unawaonyesha humohumo na wanapima unga humohumo. Kuonyesha fanya kipindi cha nyuma, unga na maziwa vikae vimeshapimwa kwenye vibakuli, halafu darasa likate nusu, 18 wapike na 18 wachore, wiki ijayo wanabadilishana. Najua wale wanaochora watapiga kelele, acha wapige, bora kelele za mwenye penseli kuliko za mwenye sufuria la moto.

Mabonge sasa, usiyamwage! Chukua moja, weka kwenye sahani, lipasue kwa kijiko wote wakiona. Nje linateleza kama gundi, ndani unga mkavu vilevile ulivyotoka kwenye pakiti. Waulize maziwa yameshindwaje kuingia na uwaache wabishane kidogo. Wanga unaanza kunywa maji na kuvimba joto likifika kama nyuzi 60 hivi, kwa hiyo ukimwaga unga mkavu kwenye maziwa ya moto ule wa nje unavimba kwanza unakuwa ngozi, wa ndani haupati kitu. Ndo maana unga tunaukoroga na maziwa ya baridi kwanza, au tunauzungusha kwenye siagi ili kila punje ipate mafuta zisigandane. Hii mimi nilikuwa nawaandikia ubaoni miaka na miaka na hakuna aliyeshika, siku nilipopasua bonge mbele yao wakashika.

Ticha, kuna kijana kaleta stuli inang'aa kama ya dukani. Kuna binti stuli yake inayumba, mguu mmoja mfupi, ila daftari lake limejaa michoro na vipimo na kaeleza kabisa mguu ulifupika vipi. Daftari la kijana lina mchoro mmoja tu na nahisi kauchora stuli ikiwa imeshaisha. Nikimpa binti maksi zaidi ofisini wananicheka. – Mama Karakana

Wacha wacheke dada yangu. Kama mtaala wenu umeshagawa maksi fuata mgao huo, kama umeachiwa mwenyewe basi kubwa iende kwenye daftari. Mimi nilishawahi kumwaga maksi kwa kabati moja zuri ajabu, baadaye ndo nasikia lilitengenezwa na fundi na baba mtu ndo alilipa. Nilikoma.

Ila binti naye usimpe za bure, stuli ni ya kukalia na yake inayumba. Muulize kama miguu yote aliipima kwenye ubao mmoja mistari ikifuatana bila kuacha nafasi ya msumeno. Naweka dau ndivyo alivyofanya, maana msumeno kila unapopita unakula milimita moja au mbili, na mguu ulioliwa huku na huku ndo huo mfupi. Mwambie siku nyingine aache pengo na akate upande wa mbao inayotupwa. Tena mpe swali la nyongeza: kwa nini stuli ya miguu mitatu haiyumbi hata mguu mmoja ukiwa mfupi? Itainama kidogo, lakini kuyumba hapana. Akikupa jibu hilo kwa mchoro muongezee maksi bila kuomba ruhusa ya mtu.

Kijana usimtuhumu, huna ushahidi. Mpe vipande viwili vya mbao, msumeno na patasi, mwambie akutengenezee kiungo kimoja tu kama kile cha kwenye stuli yake, wewe umekaa pembeni unaangalia. Kama kazi ni yake ataiweza, na kama siyo yake wala hutahitaji kusema neno.

Mkuu wa shule kaagiza visu vya jikoni viwe butu ili watoto wasijikate. Nifanyeje? – Mtii

Mwendee taratibu na nyanya moja mkononi. Mpe kisu butu aikate, aone atakavyosukuma kwa nguvu mpaka kisu kinateleza kwenye ganda kuelekea kwenye vidole. Kisha mpe kilichonolewa. Watoto wafundishwe kukunja ncha za vidole kwa ndani, na visu vihesabiwe vikitoka na vikirudi, mtu asitoke mpaka hesabu itimie.

Mwanafunzi kaleta kipande cha plastiki anataka tukikate kwa mashine ya leza, hajui ni plastiki gani. Nikate? – Fundi Msaidizi

Usikate. Ikiwa ni PVC inatoa gesi ya asidi, inachoma mapafu na mashine nayo inashika kutu. Mpe akriliki, ile plastiki ngumu kama kioo, au plaiwudi, na hicho kipande akirudishe alikokitoa.