Jibu: Bahati nasibu ya ndege, chagueni ndege ya mshindi, si ya kamati

Dada wa Jinja ameuliza hivi: kamati yao inachangisha fedha za wodi ya wazazi, mfadhili amewashauri zawadi kuu iwe ndege ndogo, na mezani wana tatu. Kuna Cessna 172 ya miaka ya 1970 iliyopo kiwanja cha ndege cha Wilson, Nairobi. Kuna Piper Seneca ya injini mbili ambayo bei yake imewashangaza kwa unafuu. Na kuna ndege mpya nyepesi yenye injini ya Rotax, inayokuja kwenye kontena ikiwa vipande vya kuunganisha. Wachangiaji walionitangulia wamejibu kirubani, kila mmoja ametaja ndege anayoiota usiku. Mimi ni fundi wa ndege, nilisomea chuo cha anga cha Soroti, riziki yangu iko kiwanja kidogo cha ndege cha Kajjansi, na niliwahi kuitwa na kamati ya namna hii niwakagulie zawadi. Nitajibu kutoka upande huo.

Kabla ya kuuliza ndege ipi ni nzuri, jiulizeni nani atashinda. Tiketi zenu zitanunuliwa na mwalimu, askari, mwenye duka la saruji, mama anayeuza samaki pale Masese. Hawana leseni ya urubani, hawajawahi kulipia hanga (banda la ndege), na vigelegele vikishaisha bili zitaanza kuingia. Kwa hiyo mnatafuta kitu ambacho mtu asiyejua lolote kuhusu ndege ataweza kukiuza haraka bila kupunjwa, au kukikodisha, au kujifunzia mwenyewe. Ndege isiyoweza hata moja kati ya hayo matatu ni mzigo mliomtwisha mtu mbele ya kamera.

Kwa kipimo hicho Seneca inatoka kwanza. Mwenyekiti wa ile kamati iliyoniita naye alipenda Seneca, alishasema itapendeza kwenye mabango. Bei yake ni nafuu kwa sababu walioitangulia kuimiliki wamechoka kuilisha. Injini mbili, propela mbili zinazobadili pembe, magurudumu yanayokunjwa kwa haidroliki, na rubani lazima awe na ruhusa ya injini mbili kwenye leseni yake. Mnunuzi wa ndege hiyo hapa Uganda utamtafuta kwa tochi. Nilimwambia mwenyekiti: "Mzee, tukimpa mtu hii, mwaka kesho tutamchangia yeye." Alicheka, lakini aliifuta Seneca kwenye karatasi.

Hiyo ya Rotax nina maneno nayo zaidi, maana mimi binafsi ningeichukua kesho. Rotax 912 inakunywa petroli ya gari, ile yenye nguvu za farasi 100 inataka oktani 95, na kwa saa moja inatumia kama lita 15 hadi 20. Katika nchi ambayo avgas (petroli maalumu ya ndege) haipatikani kila kiwanja, hilo ni jambo kubwa. Ukitua upcountry na tangi liko robo, kituo cha mafuta kiko barabarani. Lakini ndege iliyounganishwa nyumbani hairuhusiwi kila kazi, na kabla hamjalipa lazima mwende Mamlaka ya Usafiri wa Anga Entebbe mkaulize kwa maandishi itasajiliwa katika kundi gani, na kama shule inaweza kufundishia wanafunzi wa kulipa. Halafu nani ataiunganisha? Jina la aliyeifunga ndilo bei ya ndege ya namna hiyo. Mshindi wenu akitaka kuiuza, kila mnunuzi atauliza swali hilo hilo, na jibu lenu likiwa "kamati", mazungumzo yameisha.

Inabaki Cessna 172, ile ambayo hakuna aliyeisifu humu. Imetengenezwa tangu miaka ya 1950, zaidi ya 44,000, hakuna ndege iliyotengenezwa kwa wingi kuishinda. Shule za urubani za Afrika Mashariki zinaijua, kila fundi ameshaifungua, vipuri vyake vinapatikana Wilson, na mtu yeyote mwenye leseni ya kawaida anaweza kukaa ndani na kuelewa kilipo kila kitu. Haina mbwembwe. Hiyo ndiyo sifa mnayoitaka.

Lakini msije mkawauzia watu tiketi kwa picha ya familia ya watu wanne wakienda mbuga ya Kidepo. Viti ni vinne kweli, ila chukueni mfano wa toleo la 172N: uzito wa juu wa kuruka ni kilo 1,043, ondoa ndege yenyewe, ondoa tangi kamili, utakachobakiwa nacho ni watu wazima watatu na mkoba. Na hapa kwetu juu ya nchi hesabu inabana zaidi. Entebbe iko futi 3,782 juu ya usawa wa bahari, Kajjansi haipishani nayo sana. Mchana wa nyuzi 28 hewa inakuwa nyembamba kama vile uko futi zaidi ya 6,000, na injini isiyo na tabo (ya kuisukumia hewa) inapoteza takribani asilimia 3 ya nguvu kwa kila futi 1,000. Farasi 160 za kwenye karatasi zinakuwa kama 130. Wilson iko futi 5,546, huko ni pabaya zaidi. Kwa hiyo yule aliyependekeza Cessna 152, ndogo ya viti viwili, badala ya 172 kwa sababu ya bei, ajue ile ina farasi 110 tu kabla ya makato hayo. Watu wawili wanene na tangi lililojaa, mchana wa jua, mtaona miti ya mwisho wa kiwanja kwa karibu kuliko mlivyopenda. Kwa mwanafunzi mwembamba na mwalimu wake asubuhi, haina neno.

Sasa kwenye ukaguzi, na hapa ndipo fedha zenu zinapookoka au kupotea. Muuzaji atawaambia injini ina saa chache tangu ifanyiwe ovahoo, yaani kufumuliwa na kujengwa upya. Msisikie saa peke yake, ulizeni mwaka. Injini ya 172 hiyo ni Lycoming, na wenye kiwanda wanapendekeza ifumuliwe ikifika saa 2,000 au miaka 12, lolote litakalotangulia. Injini ya saa 300 iliyofanyiwa ovahoo miaka 15 iliyopita inanitisha kuliko ya saa 1,200 inayoruka kila wiki. Ndege ikikaa hangani ni ng'ombe wa maziwa asiyekamuliwa, ugonjwa unaanzia hapo hapo. Kwenye Lycoming kemshafti (mhimili unaofungua vali) imekaa juu, injini ikilala muda mrefu oili inateremka, chuma kinabaki kikavu, na kwa unyevu huu wa ziwa kutu inaingia. Kutu hiyo huioni kwa nje. Utaiona siku umefungua filta ya oili ukaikata, ukakuta vumbi la chuma linang'aa.

Kwa hiyo mtume fundi wenu, asiwe wa muuzaji. Apime kompresheni (mgandamizo) ya silinda zote nne injini ikiwa moto, akate filta, aingize kamera ndogo ndani ya silinda, afungue vifuniko chini ya mbawa na sakafu atazame kutu. Cessna wenyewe walishatoa utaratibu wa ukaguzi wa ziada kwa ndege zao za zamani kwa ajili ya kutu na uchovu wa chuma. Ulizeni kama umefanyika na karatasi ziko wapi. Propela ipapaswe ukingo wote, maana viwanja vya murram vinaitafuna kwa mawe. Ndege ya kwanza tuliyoletewa sisi ilikuwa imepakwa rangi mpya, inameta, viti vya ngozi. Logibuku (daftari la historia) ya injini ilianzia katikati. "Ya mwanzo ilipotea ofisi ilipohamishwa," muuzaji alisema, hata jicho halikupepesa. Tuliirudisha siku ile ile. Ndege isiyo na historia haiuziki, na mshindi ndiye angegundua hilo, siyo sisi.

Ya pili ilikuwa na rangi iliyopauka na zulia la kuona aibu, lakini logibuku zote tangu kiwandani, na ilikuwa inafundishia wanafunzi mpaka wiki ile. Tukanunua hiyo. Wanakamati wawili walinuna kwa sababu ya picha.

Ikitoka Kenya lazima ifutwe kwenye daftari lao, ipate karatasi ya kuruhusiwa kutoka, ndipo iombewe namba ya usajili ya Uganda, inayoanza na 5X, hapa na cheti cha kustahili kuruka. Msichapishe tiketi kabla hatua hizo hazijakamilika, au angalau mkataba useme mnalipa salio zikikamilika. Na tiketi zenyewe: bahati nasibu Uganda iko chini ya Sheria ya Bahati Nasibu na Michezo ya Kubahatisha ya 2016, na kuna bodi ya taifa inayoisimamia. Hisani haiwapi msamaha wa kutoomba kibali. Nendeni na rasimu ya masharti mkononi, pia mpelekee mhasibu suala la kodi ya mshindi. Chama cha wenye ndege na marubani cha Marekani, AOPA, kimewahi kutoa ndege nyingi kwa wanachama wake kwa bahati nasibu, na masharti yao yanasema wazi kwamba kodi ni juu ya mshindi. Nyie pia andikeni wazi, kwa herufi zinazosomeka.

Masharti mengine ambayo sisi tulibishana mpaka chai ikapoa: tiketi moja jina moja, la mtu mwenye kitambulisho, kwa sababu watu wa ofisi moja hununua kwa kuchanga na wakishinda wanaanza kushikana mashati. Mshindi apewe hiari ya kuchukua fedha taslimu badala ya ndege, kiasi kitajwe mapema. Tiketi zisipofika idadi fulani, nini kitatokea, nacho kiandikwe. Na kuanzia mnaponunua mpaka siku ya kuchezesha, ndege iruke kidogo kidogo, na rubani mmoja anayejulikana, ikiwa na bima, na saa zilizoongezeka zitangazwe. Vinginevyo mtagundua nusu ya kamati imepata "safari za majaribio".

Kuna jambo la kuionyesha pia. Kuna mtu hapo juu amesema muipakie kwenye lori muizungushe mjini. Mbawa za 172 zina upana wa mita 11 toka ncha hadi ncha, maana yake zing'olewe, na zikirudishwa fundi mwenye leseni azifunge, azipime na kusaini. Kila mzunguko wa lori ni gharama na ni nafasi ya kukwaruza. Waleteni watu kwenye ndege. Sisi tulifungua siku moja ya Jumapili Kajjansi, watoto wakakalia kiti cha rubani kwa zamu, na tiketi ziliuzika siku ile kuliko wiki nzima ya matangazo ya redio.

Jambo la mwisho, ambalo kamati nyingi husahau: msitumie fedha zote kununua ndege. Tafuteni ya bei ya chini kidogo, salio limlipie mshindi hanga na bima ya mwaka wa kwanza, ukaguzi wa mwaka uwe umeshafanyika, na ikiwezekana saa 40 za mafunzo, ambazo ndizo kiwango cha chini cha kimataifa kwa leseni ya rubani binafsi. Mafunzo hayo mtu anayapata Kajjansi hapo hapo.

Mshindi wetu alikuwa mzee mfanyabiashara wa mahindi kutoka upande wa Masindi. Alikuja na wazee wenzake, amevaa kanzu na koti, akaizunguka ndege kimya, akagonga bawa kwa kidole. Akaniuliza, "Fundi, hii kitu inakula kiasi gani?" Nikamwambia, "Mzee, lita thelathini na kitu kwa saa, na bado hujanilipa mimi." Akauliza swali ambalo hakuna mwanakamati aliyewahi kuuliza: shule ikiikodi, nani anaweka akiba ya injini? Tukapiga hesabu juu ya boneti ya gari lake. Chukua ovahoo ya dola 36,000, gawa kwa saa 2,000, ni dola 18 za kuweka pembeni kila saa kabla hujahesabu faida. Aliikodisha kwa shule, kwa masharti kwamba mafuta na bima ni yao na hizo 18 zinakwenda akaunti ya peke yake. Yeye mwenyewe alipanda mara moja, akasema inatosha.

Dada, ukipata namba ya usajili ya hiyo 172 ya Wilson na picha za kurasa za mwisho za logibuku ya injini na ya fremu (mwili wa ndege), niandikie faraghani nizisome kabla hamjatoa arubuni.