Mwozeshaji Achaguliwe kwa Kazi Yake

Ijumaa iliyopita, baada ya sala ya laasiri, nilimwoza binti yangu mdogo katika msikiti wa mtaani kwetu Wete, Pemba, na shughuli yote, tangu khutba ya nikahi mpaka haluwa na kahawa, haikutimia saa moja. Nilimshukuru Mola, lakini harusi ya dada yake, miaka 6 nyuma, bado inaniuma, na ndiyo inayonifanya niwaandikie wazazi wenzangu.

Wakati ule nilitaka sheikh mwenye jina. Nikamleta kwa boti kutoka Unguja, wala sikuzungumza naye hata dakika 5 kabla ya kuingia msikitini. Aliushika mkono wa bwana harusi, akatazama kikaratasi alichopewa mlangoni, akamtaja mke kwa jina la mdogo wake, yaani huyu niliyemwoza Ijumaa. Kijana, kwa hofu aliyokuwa nayo, akaitikia kuwa amekubali. Nilimvuta sheikh joho mbele ya wakwe, na tamko likarudiwa upya huku watu wakinong'ona.

Kosa la pili tulilijua baadaye, mkwe alipotaka kumchukua mkewe Muscat: ndoa haikuandikishwa popote, na shahidi mmoja alikuwa ameshafariki. Ndugu yetu wa Tanga alitushauri kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, asijue kwamba sheria hiyo haitumiki Zanzibar. Mlango wetu ulikuwa Mahkama ya Kadhi, na tulikwenda na kurudi mpaka tukachoka.

Safari hii nilimwendea imamu wetu, asiyejulikana nje ya mtaa. Siku tatu kabla alikuja akakaa nami barazani na daftari lake, akaniuliza kama nitaoza mwenyewe au nitampa uwakala aoze kwa niaba yangu, mahari ni kiasi gani na kipi kimeakhirishwa kilipwe baadaye, na mashahidi ni nani. Kisha akaomba aisikie idhini ya binti kwa masikio yake, nyuma ya pazia, na hakuondoka mpaka alipoisikia.

Mzazi mwenzangu, mtu asiyekuuliza maswali hayo usimkabidhi mwanao, hata akiwa na kilemba kikubwa namna gani. Muulize nani ataiandikisha ndoa na lini, wala usione haya, kwa sababu haya yangu mimi aliilipa binti yangu. Cheti cha huyu mdogo kimo kabatini tangu Jumatatu, na nimelisoma jina lake herufi kwa herufi.